Fimbo Zetu Kwenye Habari

9 Oktoba

Mwaka jana mbuzi wa walowezi waliteremshwa kwenye miti yangu. Nikaenda kushitaki. Afisa akaniuliza tarehe gani, saa ngapi. Sikujua. Akafunga faili, nikarudi nyumbani. Mwaka huu naandika. Nimesoma mpaka darasa la tano, kwa tarehe inatosha.

Naitwa Rasmiya. Watu wananiita Mama Wadii. Mume wangu Numani alikufa mwaka juzi wakati wa baridi. Nafanya kibarua cha kuvuna zeituni za watu, nalipwa sehemu ya mafuta. Zangu mwenyewe ni miti kumi na mmoja, bondeni Khallat Sabha, nyuma ya uzio, chini ya nyumba za walowezi. Huko huendi mpaka jeshi likupangie siku.

10 Oktoba

Hakuna mvua. Hatuanzi kabla ya mvua ya kwanza. Zeituni zina vumbi.

12 Oktoba

Imenyesha tangu alfajiri. Miti imeoga. Nimeshusha darini fimbo za kupigia zeituni. Ile ndefu imepinda kidogo, itafanya kazi.

13 Oktoba

Lutfi amekuja, karani wa baraza la kijiji. Ana orodha.

"Mama Wadii, tumepewa siku tatu. Tarehe ishirini na nne, tano na sita."

"Siku tatu kijiji kizima?"

"Shukuru. Jirani zetu wamepewa moja."

"Nimshukuru nani, Lutfi?"

Akaangalia viatu vyake. Lutfi akikosa jibu huangalia viatu. Kisha akaniambia jambo lililomleta hasa. Mwaka juzi sikuvuna kule, Numani alikuwa hospitali. Mwaka jana mbuzi walinimalizia. Mwaka wa tatu ukipita jina langu halijaandikwa kwenye lango la uzio, jeshi litaandika kwamba shamba limeachwa.

"Likishaandikwa hivyo," akasema, "hata mwanasheria atakunywa chai yako tu na kwenda zake."

"Jina langu litakuwepo."

"Lipo. Namba saba, hili hapa."

Nimeliona kwa macho yangu. Namba saba.

14 Oktoba

Tumeanza kwa Haji Fawzi, shamba lake la kando ya barabara. Niko na Shukriya, wifi yangu, dada yake Numani. Shukriya anavuna kwa mikono miwili na anaongea kwa midomo mitatu. Anatazama taarifa ya habari kuanzia anapoamka, halafu anakuja kunisomea shambani kama mimi ni kiziwi.

Bwana shamba wa Nablus alipita. Kila mwaka anakuja na reki zake za plastiki. Anasema tuache fimbo, fimbo inavunja vichipukizi vinavyozaa mwakani.

"Reki yake akachanie nywele," Shukriya akasema alipoondoka.

"Ana haki, wifi."

"Najua ana haki. Lakini reki inafika pale juu?"

Haifiki. Tukaendelea na fimbo.

15 Oktoba

Kazi. Magunia manane.

16 Oktoba

Kazi. Mgongo.

17 Oktoba

Amekuja mpiga picha, Nizar, kijana wa Ramallah. Anafanyia kazi shirika kubwa la habari la nje. Ana adabu. Alisalimia kwanza, akavuna nasi ndoo nzima, ndipo akatoa kamera.

"Mama, inua fimbo tena kidogo. Jua lilijificha."

Nikainua. Shukriya naye akainua, mdomo umejaa mkate. Zeituni zikatuangukia kichwani. Kwenye barabara ya juu alikuwa amesimama mlinzi wa walowezi na bunduki begani, anatutazama.

"Mwambie yule ashuke," Shukriya akasema. "Tumpe ndoo. Amesimama bure."

Tukacheka. Hakusikia, yuko mbali. Akavuta sigara yake, akaimaliza, akaondoka. Ilikuwa saa nne asubuhi. Hatukusemezana naye neno.

18 Oktoba

Leo nina ya kuandika.

Shukriya alinijia shambani mbio, ameinua simu.

"Wifi, tumetoka kwenye habari. Dunia nzima inatuona."

Nikaangalia. Ni sisi, mimi na yeye. Fimbo juu, midomo wazi. Nyuma yetu yule mlinzi na bunduki. Mti haupo. Turubai halipo. Ndoo haipo. Wamekata picha pande zote wakabakiza fimbo, midomo na bunduki.

Chini yake maneno ya Kiingereza. Tukamwendea Lutfi, yeye anakisoma. Akasoma polepole: "Wanakijiji wa Kipalestina wenye marungu wamkabili mlinzi wa makazi ya Waisraeli, siku ambayo mapigano yalizuka na gari la Waisraeli likapigwa mawe."

"Gari lipi?" nikauliza.

"Lile la barabara ya kusini. Kilomita kumi na tano kutoka hapa."

"Saa ngapi?"

"Jioni, saa kumi na mbili."

"Sisi ilikuwa saa nne asubuhi. Nimeandika."

"Najua, Mama Wadii."

"Sasa marungu yametoka wapi?"

Akaangalia viatu.

Shukriya hakusikiliza hayo. Alikuwa ameshafungua kituo chake, kile cha Kiarabu anachokitazama kutwa. Picha ileile. Juu yake maandishi mekundu: Simba jike wa zeituni wamfukuza mlowezi mwenye bunduki.

"Hawa ndio wanajua kuandika," akasema.

"Tumemfukuza nani, Shukriya?"

"Aliondoka, hakuondoka?"

"Alimaliza sigara."

"Basi sigara tumemmalizisha sisi."

19 Oktoba

Wanawake wa mtaa wamekuja kunipongeza. Mmoja alinibusu bega. Nikamwambia nilikuwa napiga mti. Akasema ndivyo walivyo mashujaa, hawajisifu. Nimempa chai akaenda.

20 Oktoba

Kazi. Upepo wa mashariki, mkavu, unakata midomo.

21 Oktoba

Lutfi alikuja kabla sijatoka. Hakukaa.

"Wamekutoa kwenye orodha. Wewe na Shukriya."

"Kwa nini?"

"Kwa usalama. Ofisi ya jeshi inayopanga siku imenionyesha picha kwenye simu. Afisa ananiambia hawa wanawake wawili hawapiti langoni na marungu yao."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni fimbo za zeituni."

"Akasema?"

"Akasema habari imetoka kwenye shirika la nje, si la Waisraeli. Shirika la nje lina sababu gani ya kusema uongo?"

Nilikaa kwenye ngazi. Sikulia. Nilikuwa nawaza namba saba.

"Wengine wanapita?"

"Wengine wanapita. Haji Fawzi anasema watu wanaweza kukuvunia, Mama Wadii. Zeituni zako zitafika kinuni."

"Shida yangu si zeituni. Jina langu ndilo linatakiwa pale."

"Ndiyo."

"Basi usiniambie habari ya kuvuniwa."

Shukriya nikamwambia mchana. Yeye hana mti kule, alikuwa anakuja kunisaidia. Akasema: "Unaona? Wanatuogopa." Nusura nimrushie ndoo.

22 Oktoba

Nimempigia Nizar. Namba yake alimwachia Haji Fawzi.

"Mwanangu, umenifutia shamba."

Akasema: "Mama, mimi napiga picha. Maneno wanaandika mezani, mji mwingine, watu ambao hawajawahi kuona mzeituni."

"Wewe uliwatumia maneno gani?"

"Wanawake wavuna zeituni. Na jina la kijiji. Basi."

"Na kukata?"

"Wamekata wao. Nilituma picha nzima."

"Unayo?"

"Ninayo."

"Njoo nayo kesho."

"Mama, kesho nina kazi Ramallah."

"Mimi pia nilikuwa na kazi keshokutwa. Khallat Sabha."

Akasema atakuja. Nimemwona huyu kijana wa adabu nyingi na uti wa mgongo mlaini. Tutaona.

23 Oktoba

Amekuja. Na picha nzima, ameichapisha kwenye karatasi kubwa. Nikaitazama mpaka chai ikapoa. Mti upo, mkubwa, umejaa picha yote. Turubai lipo chini. Zeituni ziko hewani, zinaanguka. Shukriya ana mkate shavuni. Mlinzi ni mdogo kama kidole, huko nyuma.

"Wapigie," nikasema.

"Nani?"

"Wa mezani."

"Mama Wadii, wakikasirika hawaniiti tena. Mimi si mwajiriwa, naitwa tu."

"Mimi pia ni kibarua. Piga. Weka sauti nje."

Akapiga. Akapokea mwanamke, sauti ya upole, upole kama wa yule wa mapokezi ya hospitali anapokuambia daktari hayupo. Nizar akawa anatafsiri.

"Anasema wanasikitika kwa usumbufu."

"Mwambie sijasumbuliwa. Nimefutwa."

"Anasema picha ni ya kweli. Hakuna kilichoongezwa."

"Kimepunguzwa."

"Anasema kukata pembeni ni kawaida, ili msomaji aone jambo lenyewe."

"Jambo lenyewe ni mti. Wameukata wakabakiza watu."

Akatafsiri.

"Anauliza, hiyo si fimbo? Rungu na fimbo, kwa msomaji wa mbali, tofauti iko wapi?"

"Muulize zeituni zinaanguka kutoka wapi kwenye picha. Na mawe ya jioni, kilomita kumi na tano, yananihusu nini asubuhi?"

Wakaongea wao kwa wao muda mrefu. Nizar alikuwa anatokwa jasho. Mwisho akageuka kwangu.

"Mama, wamekubali kuongeza sentensi. Wataandika: wanakijiji wanadai kwamba fimbo zilikuwa za kuvunia zeituni."

"Rudia."

"Wanakijiji wanadai..."

"Na yule mlinzi, wameandika anadai kuwa ni mlinzi?"

"Hapana. Wameandika mlinzi."

"Na gari, wameandika wanadai limepigwa mawe?"

"Hapana."

"Kwa hiyo wao wakisema, imetokea. Mimi nikisema, nadai. Mwambie mimi sidai. Turubai liko chini, zeituni ziko hewani, wifi yangu anatafuna. Hakuna mtu anayekwenda vitani anatafuna mkate."

Hiyo Nizar aliitafsiri vizuri, maana nilisikia mwanamke akicheka kidogo. Lakini akasema atauliza wakubwa. Akakata.

Kisha nikamgeukia Shukriya. Alikuwa amekaa nasi tangu mwanzo, simu mkononi.

"Sasa piga kwako."

"Kwangu wapi?"

"Kituo chako. Simba jike."

"Hao wametusifu, wifi."

"Hao ndio wanaonyesha kwamba nilifukuza mtu. Afisa ana masikio mawili. Hili moja anasikia rungu, hili jingine anasikia simba. Wote wawili wanamwambia mimi ni mpiganaji."

Akapiga, uso umekunjamana. Akapokea mwanamume, mtayarishaji wa vipindi. Akaniita dada yetu mtukufu. Nikamwambia hatukumfukuza mtu, aondoe.

"Dada yangu, watu wanahitaji habari ya kuwapa moyo."

"Wape moyo kwa kitu kilichotokea."

"Unataka kusema walowezi hawaji na bunduki?"

"Wanakuja. Tarehe nitakupa, ninazo kwenye daftari. Siku hiyo haikuwa hivyo."

"Ukikanusha utawafurahisha wale."

"Sijali nani atafurahi. Mimi nataka shamba langu."

Akasema mtandao ni mbaya, hanisikii. Nilikuwa namsikia vizuri sana.

Shukriya alisimama, akachukua mtandio wake.

"Siku moja maishani nimeitwa simba," akasema. "Siku moja, Rasmiya. Nimefua nguo za watu miaka ishirini, hakuna aliyeniita kitu."

"Wewe ulikuwa unatafuna mkate."

Akaondoka, chai hakuigusa. Hilo la mwisho heri nisingelisema.

24 Oktoba

Siku ya kwanza ya lango.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Nimebeba fimbo, turubai, ndoo. Shukriya alikuwa ameshafika. Naye ana fimbo.

"Sijaja kwa ajili yako," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya miti ya kaka yangu."

"Haya."

Nizar alikuja. Na Tzipora pia, mama wa Kiyahudi wa Haifa, mwalimu mstaafu. Kila msimu anakuja na wenzake wanne kutusaidia kuvuna. Kiarabu chake kibovu, mikono yake mizuri.

Lutfi akasimama mbele ya lango akaanza kusoma orodha kwa sauti. Moja, mbili, mpaka sita. Kila mtu akapita. Kisha akasoma: "Saba. Rasmiya, mjane wa Numani."

Afisa, kijana, masikio yameungua na jua, akasema hakuna saba.

"Saba," Lutfi akasoma tena. "Rasmiya, mjane wa Numani."

Akasoma mara ya tatu. Macho usoni kwa yule afisa. Sikumjua Lutfi huyu.

Afisa akamwambia Tzipora kwa Kiebrania, Tzipora akaniambia mimi: "Anasema, wewe mwanamke wa picha."

"Ndiye mimi. Mwambie aje nimwonyeshe."

Hatua ishirini kutoka langoni, upande wetu, kuna mti wa Haji Fawzi. Nikatandaza turubai. Afisa alikuja, nadhani hakujua kwamba angeweza kukataa. Tzipora akamfungulia ile picha kubwa. Nikainua fimbo, Shukriya akainua yake, tukapiga. Zeituni zikamwagika. Nyingine zilimgonga kofia ya chuma, ta, ta, ta. Askari wake wakacheka wakamgeuzia mgongo asiwaone.

"Rungu ndilo hili," nikasema. "Majeruhi ndio hao, wako kwenye turubai. Wahesabu."

Afisa akauliza kitu. Tzipora akatafsiri huku anajizuia kucheka: "Anauliza, kwa nini fimbo? Kwao wanatumia reki, au mashine. Fimbo vibaya kwa mti."

Shukriya akanitazama. Mimi nikamtazama.

"Mwambie bwana shamba amemtangulia," nikasema. "Kama ni kosa hilo, nakiri. Aandike kwamba nimemuumiza mzeituni wa Haji Fawzi."

Aliangalia picha nzima muda mrefu. Akaangalia turubai. Akasema ameelewa, lakini amri imetoka juu, yeye hawezi kuifuta. Akarudi langoni.

Sikupita. Wengine walipita. Sisi tulimalizia mti wa Haji Fawzi, maana umeshaanza kupigwa, hauachwi katikati. Nizar alirekodi yote.

Wakati wa kufunga turubai Shukriya akaniambia: "Uliona alivyoruka ilipomgonga ya kwanza?"

"Niliona."

"Hiyo wangeonyesha."

Tumeshapatana.

25 Oktoba

Mvua kubwa. Lango limefungwa.

Nizar ameweka picha nzima na ile video kwenye ukurasa wake, kwa jina lake. Ameandika picha ilipigwa saa nne asubuhi, kijiji gani, nani wamo, wanafanya nini, na nini kilikatwa. Hakuna zaidi. Niliomba Lutfi anisomee mara mbili nione kama kuna "wanadai". Hakuna.

26 Oktoba

Lango bado. Matope. Siku zetu tatu zimekwisha, imetumika moja.

Tzipora amepiga simu. Amepeleka picha mbili, nzima na iliyokatwa, kwa gazeti moja la Kiebrania, mhariri ni mwanafunzi wake wa zamani. Wameziweka ubavu kwa ubavu. Anasema watu wengine wamemtukana na wengine wameandika kwamba bibi zao pia walipiga zeituni kwa fimbo.

"Wamekutukana vipi?" nikamuuliza.

"Ah, Rasmiya. Mimi mwalimu miaka thelathini na tano. Haya matusi, watoto wa darasa la tatu wanajua zaidi."

27 Oktoba

Kazi kwa Haji Fawzi. Udongo mzito, viatu kilo mbili kila kimoja.

28 Oktoba

Shirika la nje limetoa marekebisho. Lutfi amenisomea. Picha imeondolewa. Wameandika kwamba ilikatwa kwa namna iliyopotosha, kwamba wanawake walikuwa wakivuna zeituni, na kwamba haikuhusiana na tukio la barabara ya kusini. Wanajutia. Mistari minne.

"Minne tu?" Shukriya akasema. "Ile ya marungu ilizunguka dunia."

"Minne inatosha kuwekwa mezani kwa afisa," nikasema. "Lutfi, ichape."

"Nimeshaichapa," Lutfi akasema. "Nakala tano."

Kituo cha Shukriya hakijatoa kitu. Simba bado wapo.

30 Oktoba

Nimerudishwa kwenye orodha, na Shukriya pia. Kijiji kimepewa siku moja ya kufidia mvua, tarehe mbili Novemba. Namba saba, kwa maandishi ya chapa, si ya mkono wa Lutfi.

Nizar alipita kusalimia. Tangu tarehe ishirini na tano wale wa mezani hawajamwita.

"Wamekufukuza?"

"Hawafukuzi, mama. Simu hailii tu."

Humu daftarini nilimwita mlaini wa uti. Sifuti, ndivyo nilivyodhani tarehe ile. Leo naandika kwamba nilikosea.

1 Novemba

Kazi. Nimelala mapema.

2 Novemba

Nimepita lango saa moja kasoro dakika kumi. Afisa yuleyule. Hakusema kitu, alinyoosha tu mkono kuonyesha njia. Nyuma yangu Shukriya, Tzipora na Nizar na kamera. Anapiga kwa ajili ya gazeti dogo la Nablus.

Tulishuka bondeni. Miti minane imesimama, imejaa, matawi yamelemewa. Mitatu ya mwisho, ile ya karibu na barabara ya juu, imekatwa. Msumeno wa mashine, kata moja safi, kimo cha kiuno cha mtu. Matawi yamelala palepale, majani yameshakauka rangi ya majivu. Si ya jana hiyo kazi.

Numani aliipanda hiyo mitatu mwaka aliozaliwa mwanetu Wadii.

Shukriya alikaa chini akalia. Mimi niliizunguka, mmoja mmoja. Nikagusa. Kisha nikasema tuvune, tuna siku moja.

Tulikuwa mti wa pili simu ya Shukriya ikalia. Kituo chake. Sijui nani aliwaambia. Mtayarishaji yuleyule, leo mtandao wake ni mzuri sana.

"Dada yetu, tunakuweka hewani sasa hivi. Waambie watu ulivyowaona walowezi wanakata."

"Sikuwaona."

"Lakini unajua ni wao."

"Umeniuliza niliona nini. Nimeona miti mitatu imekatwa kwa msumeno. Majani yamekauka, kwa hiyo ni zaidi ya wiki mbili. Gari linafika hapa kwa barabara moja tu, ile ya juu, ya walowezi. Sisi wenye shamba tumezuiwa kufika hapa tangu mwaka jana. Hayo nimeyaona na nayajua. Weka hewani hayo."

"Dada, sema tu neno moja, uliwaona kwa macho. Nani atakulaumu?"

"Afisa pale langoni atanilaumu. Ataniuliza tarehe gani, saa ngapi. Nikidanganya hilo moja, hata mti wangu uliokatwa utakuwa wa uongo."

Akaanza kunihubiria. Nikampa Shukriya simu, nikijua yeye ni mshabiki wao. Shukriya alifuta uso kwa mtandio, akamsikiliza, kisha akasema: "Kaka, wifi yangu amekwambia alichoona. Kama hakikutoshi, njoo wewe ukate wa nne tukuone." Akakata.

Akarudi kwenye mti. "Simba wao na aende zake," akasema.

Saa sita tulipokaa kula Tzipora alisema: "Magazeti yangu wataandika, miti imepatikana imekatwa. Siku zote hivyo. Imepatikana. Kama mvua imekata."

"Waambie waandike barabara ni ya nani."

"Nitawaambia. Wao hawapendi."

"Waambie tena."

Nizar akaniuliza kwenye picha ya vishina aandike nini. Nimesimama katikati yavyo, sikuinua fimbo, sikulia. Nikamwambia: andika Rasmiya, mwenye shamba, na miti yake mitatu iliyokatwa. Andika mahali, tarehe, barabara. Andika hakuona nani. Akaandika mbele yangu, akanisomea.

Tulimaliza miti minane saa kumi jioni. Nimefukia vishina udongo na mawe pembeni, mbuzi wasile vichipukizi. Mizizi ya mzeituni haijui msumeno, mwakani utaona vijiti kumi kwenye kila kishina, unachagua mmoja unaulea.

Langoni kuna daftari la jeshi. Kila mwenye shamba anasaini anapotoka. Afisa akaniuliza kwa mdomo wa Tzipora, miti mingapi.

"Kumi na mmoja."

"Anasema, askari wake wameona minane."

"Minane nimevuna. Mitatu imekatwa. Mizizi ipo, shamba ni lilelile. Aandike kumi na mmoja."

"Anasema, anaandika iliyosimama."

"Mwambie mwakani atakuja afisa mwingine na daftari hili, atasoma minane, ataniambia mitatu hukuwahi kuwa nayo. Aandike kumi na mmoja, na pembeni mitatu imekatwa, na tarehe ya leo. Simwambii aandike nani. Mimi sikuona na yeye hakuona. Aandike kilichopo."

Alishika kalamu akanitazama. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu na magunia begani. Hakuna aliyeniharakisha. Haji Fawzi aliweka gunia lake chini, akalikalia.

Afisa akaandika.

"Nisomee," nikamwambia Tzipora.

Akainama, akafuata kwa kidole. "Namba saba. Rasmiya. Khallat Sabha. Miti kumi na mmoja, mitatu imekatwa. Mbili Novemba."

"Kuna 'anadai'?"

Akasoma tena, kimya, midomo inatikisika.

"Hakuna."

Nikachukua kalamu, nikasaini jina langu lote, polepole, herufi kwa herufi.

3 Novemba

Haji Fawzi amebakiza safu mbili. Mawingu yanatoka magharibi. Tumeanza mapema.